Mama Saado Anasafiri Nje

"Nifungulie hii. Naenda nje."

Mama Saado aliisukuma kadi yake ya benki chini ya kioo cha kaunta kama mtu anayemrudishia mwenye duka mkate wa juzi. Mwikali akanyoosha mgongo. Ilikuwa wiki yake ya pili katika tawi la Mandera, kwenye pembe ya mwisho ya kaskazini-mashariki mwa Kenya, na huenda ikawa ya mwisho.

Kisa kilikuwa Olow, mfanyabiashara wa ngamia. Jumatatu Olow alimwambia Mwikali kwamba anasafiri kwenda Dubai. Mwikali akamtakia safari njema, akasahau kujaza fomu. Kompyuta za makao makuu zikaona kadi ya Mandera inanunua biriani ughaibuni, zikadhani ni mwizi, zikaifunga. Olow akabaki hotelini na wageni tisa walioshiba.

"Mteja mmoja zaidi akwame nje ya nchi," meneja Abdihafid alimwambia, "na wewe utarudi kwenu Machakos."

Meneja hakuwa mtu wa mzaha. Alikuwa mzaliwa wa Banissa, humu humu Mandera, na aliketi meza ya nyuma, masikio wazi.

Basi leo Mwikali alichomoa fomu kabla mama hajamaliza kusema. Kisanduku cha nchi kilikuwa chini kabisa, kwa hiyo alianza juu: jina, namba ya akaunti, simu.

"Mama, ni hapa tu ng'ambo ya mto, Ethiopia?"

"Hapo si nje, binti yangu. Hapo ni kwa dada yangu."

"Au Somalia?"

"Hapo nanunua sukari." Saado alipunga mkono kufukuza upuzi huo. "Nje ni mbali. Binti yangu wa mwisho, Hani, ameolewa huko. Sasa amezaa. Naenda kumkanda siku arobaini."

"Hongera, mama!" Mwikali aliandika: kutembelea jamaa, siku arobaini. "Umewahi kufika huko?"

"Mara moja. Ilitosha. Lakini mtoto ni mtoto."

"Na karatasi zako ziko sawa?"

"Ziko hapa." Saado alijipiga kifuani. "Bila karatasi hufiki. Mara ile walinikagua mara sita. Wa mwisho akaniuliza kama hii sura ni yangu."

Mwikali alitikisa kichwa kwa huruma. Alikuwa amesikia mengi kuhusu viwanja vya ndege vya wazungu.

"Lugha yao unaijua?"

"Ya kutosha. Lakini nikifungua mdomo, wanacheka."

"Wasikubabaishe, mama."

"Hao? Wallahi, wanatembea mbio kama wamekalia makaa. Ukimsalimia mtu, ukamuuliza habari ya mama yake, anashika mfuko wake! Nyama ya ngamia hawali. Chai yao maji. Maziwa wanauza ndani ya karatasi, na hakuna anayejua ni ya ng'ombe gani."

Uswidi, Mwikali aliwaza. Binamu yake aliyeishi huko alilalamika vivyo hivyo.

"Sasa nisikilize vizuri. Usitegemee kadi peke yake, noti chache zishone kwenye pindo la nguo. Na dukani, mashine ikikuuliza kama unalipa kwa shilingi au kwa pesa ya huko, chagua pesa ya huko."

"Shilingi wanakataa?"

"Hawakatai, lakini watakukata."

"Hao wanakata hata ukilipa kwa dhahabu."

"Halafu PIN yako, mama, usimwambie mtu. Unaikumbuka?"

"Bin?" Saado alicheka. "Bin yangu siwezi kusahau."

Akafungua kiganja, akakibandika kwenye kioo. Katikati ya maua ya hina, zikiwa zimechorwa kwa ufundi wa harusi, zilikuwapo tarakimu nne.

Foleni nzima ilisogea mbele kutazama.

"Mama! Funga mkono!"

"Ya nini? Hapa nyuma ni Kadar tu, na Kadar hakusoma."

"Namba nazijua," alisema mzee Kadar, akinyoosha shingo.

Ikabidi PIN ibadilishwe. Saado alibofya namba mpya huku akinung'unika kwamba msichana wa hina alimtoza mia tatu, na je, benki itazirudisha? Mwikali alisema haitarudisha. Saado akasema ndiyo maana watu wanafuga mbuzi.

Wakati huo meneja Abdihafid alikuwa amesimama. Alikuja polepole, akainama juu ya bega la Mwikali, akaipitia fomu kwa kidole, mstari baada ya mstari. Mwikali alishaanza kuona uso wa mama yake atakapomwona langoni na masanduku.

"Umemweleza kuhusu mashine za huko?"

"Nimemweleza, bosi."

"Pesa za huko?"

"Pia."

"Mbona hapa chini pako wazi?"

"Imebaki nchi tu, bosi." Mwikali akashika kalamu kwa nguvu. "Mama, unakwenda nchi gani?"

Saado alimtazama kama mtu aliyepiga hodi nusu saa, akafunguliwa na kuulizwa kama amefika.

"Nchi gani tena? Kwenu. Kenya."

Meneja Abdihafid alitia sahihi bila kupepesa jicho.

"Safari hii hujakosea," akamwambia Mwikali. "Anayefuata!"