Moto Wenye Masikio

Siku ya harusi ya bintiye, mjinga alikuwa Hasmukh, na mwenyewe alikiri. Ndiye aliyeupokea kwa mbwembwe moto mpya wa Veda, maandiko ya kale ya Wahindu, ule unaozimika ukisikia sala nyingine nyumbani. Bila moto hakuna ndoa. Bwana harusi kafika, moto umezimika tena: jikoni mama yake Hasmukh, Jamnaben, anamwogesha mungu wake Krishna, kisanamu kidogo cha shaba, huku akimwimbia kwa Kigujarati.

Hasmukh hakujua azibe mdomo wa mama au masikio ya moto.

“Mama, nyamaza kidogo! Tumerudi kwenye mizizi ya wahenga, tuwe kitu kimoja.”

“Na hao wahenga wako, moto wao nao ulikuwa ukiwachunguza mama zao jikoni?”