Kopo la Mama Léocadie

Haragwe lilianguka ndani ya kopo, na Mama Léocadie akaita anayefuata.

Lisette alisimama na mtoto wake, kisha akakaa tena. Akilimali alikuwa na miezi mitano, na tangu Jumapili alikuwa anakohoa na kutapika. Lisette alishika karatasi ya kituo cha afya: mtoto apelekwe hospitali, ni kifua. Majirani waliicheka karatasi hiyo. Ni kirimi, walisema, kile kinyama cha mwisho wa koo. Kimerefuka. Kikikatwa, mtoto ananyonya siku hiyo hiyo.

“Tangulia wewe, dada,” alimwambia mwanamke aliyekaa kando yake kwenye benchi.

“Mi sikuja na mutoto,” Saliha alijibu.

Mama Léocadie alisikia. “Sasa unataka nikate kirimi kwa simu?”

Wanawake waliokuwa mlangoni walicheka. Saliha hakucheka, wala hakukasirika. Alikuwa ametoka Buyenzi kwa miguu mpaka huku Buterere, na matope ya mashamba ya mpunga yalikuwa yamemkaukia miguuni.

“Nimekuja kuuliza,” alisema, akitazama chini.

“Uliza basi, maman.”

“Unajuaje kama wanapona?”

Mama Léocadie hakuchukia. Alilipiga kofi lile kopo la maziwa ya unga lililokuwa mezani. Maharagwe yalikuwa yamefika karibu na mdomo.

“Haya yote ni watoto. Nikikata mumoja, natia haragwe. Asiyepona, mama yake arudi hapa, nilitoe. Miaka kumi na moja sijatoa hata moja.”

“Hata moja?”

“Uliza hawa. Kuna mutu amesharudi?”

“Apana,” wanawake waliitikia.

“Na mama akirudi, utamujua?” Saliha aliuliza.

“Sura za wamama sizishiki. Mi nashika makoo tu.”

Walicheka tena. Lisette alilitazama kopo kwa muda mrefu. Aliikunja karatasi mara mbili, mara nne, akaisokomeza kiunoni chini ya kitenge.

“Kule kituoni hawakunionyesha kitu,” alisema. “Waliandika tu.”

Akilimali alianza kulia. Kifua cha Saliha kiliuma, na mabaka mawili ya maziwa yakatokea kwenye gauni lake. Alivuta mtandio, akayafunika.

“We rudi nyumbani, umunyonyeshe,” Lisette alimwambia kwa huruma. “Kesho umulete.”

Saliha alikuwa anaangalia wembe wa Mama Léocadie ukipita juu ya moto wa mshumaa, upande huu, upande ule, kama mtu anayeangalia mvua dirishani.

Lisette alikaa kwenye kigoda. Alimlaza mtoto mapajani, akampanua mdomo kwa vidole viwili kama alivyoonyeshwa. Haragwe la Akilimali lilikuwa limeshawekwa tayari pembeni ya meza, jeupe lenye madoa mekundu. Mama Léocadie aliinama.

Saliha alisimama. Alitumbukiza mkono ndani ya kopo, akatoa haragwe moja, akaliweka katika kiganja cha Mama Léocadie kilichokuwa hakina wembe.

“Nimerudi,” alisema. “Hili ni la Anouar. Tulimuzika Ijumaa.”

Lisette aliufunika mdomo wa mtoto wake kwa mkono.