Betri ya Marehemu

Itangazwe kwa wakubwa na wadogo, kwa walio hai na hata kwa marehemu kama wanasikia: Jenerali hakuogopa kitu chochote chini ya jua. Jina hilo alipewa bwenini, na alilitolea jasho. Ila mchana ule Jenerali alikuwa amechuchumaa nyuma ya rundo la matairi kwenye gereji, meno yakigongana, kwa sababu gari la baba yake, lisilo na mtu ndani, lilikuwa limempigia honi.

Turudi nyuma kidogo, yeye atulie.

Gari lenyewe ni la umeme, na limezeeka vibaya. Chaji ya usiku kucha ilitosha kwenda sokoni na kurudi, na kwenye kilima cha kurudi Baba alizima feni, akazima redio, kisha akawaomba abiria wapunguze maneno.

Fundi aliwawekea betri mbili za kuchagua, bei zikikaribiana. Moja ndogo, mpya, bado iko ndani ya boksi. Nyingine kubwa, iliyotolewa kwenye gari lililopata ajali. Fundi huyu alikuwa na desturi yake: hakumuuzia mtu betri iliyotumika kabla hajaiona ikifanya kazi. Kwa hiyo asubuhi aliifunga ile kubwa garini kwa majaribio, ndipo akawaita.

"Hii itanifikisha kwa dada yangu?" Bibi aliuliza, akiwa kwenye kiti cha plastiki, mtandio magotini.

"Itakufikisha na kukurudisha, mama," alisema Baba.

"Na hiyo ndogo?"

"Sokoni."

Bibi akanyamaza. Waliomzoea wangeshtuka hapo hapo.

Jenerali naye alishtuka, lakini kwa sababu zake. Betri ya kufika kwa dada yake Bibi ilikuwa pia betri ya kufika shuleni kwao. Mkuu wa shule alitaka kuonana na baba yake ana kwa ana, kwa habari ya kengele ya asubuhi, ambayo mtu fulani aliigonga usiku wa manane, shule nzima ikaoga maji ya baridi na kujipanga mstarini gizani. Jenerali alikuwa amejitetea kwa huzuni kubwa kwamba gari la nyumbani haliwezi kufika. Mkuu wa shule alimwamini. Baba hakuambiwa lolote.

"Fundi," Jenerali akasema kwa sauti ya msibani, "dereva wa gari lile la ajali yuko wapi?"

"Mimi nilinunua betri, sikununua dereva."

"Kwa hiyo huenda alikufa humo humo. Juu ya betri hii."

"Mwanangu, acha hayo," alisema Baba, ambaye usiku hupita mbio mbele ya kioo.

Mkono wa Jenerali ulikuwa mfukoni. Humo mlikuwa na simu, na kwenye simu mlikuwa na programu ya kutafutia gari kwenye maegesho ya soko: unabonyeza, gari linalia, linawasha taa, hata kujifunga milango. Yeye mwenyewe aliiweka likizo iliyopita kwenye simu za nyumbani, isipokuwa ya Baba, ambayo ni ya vitufe.

Akabonyeza. Gari likalia.

Baba aliruka hadi kofia ikamwanguka. "Fundi! Hebu nione hiyo ndogo."

"Bibi, afadhali sokoni kuliko kaburini," Jenerali alimnong'oneza bibi yake. Bibi alikuwa amefumba macho, kichwa kimelala begani.

Baba na Fundi wakaingia stoo kufungua boksi. Jenerali akaichomeka simu yake kwenye chaji ukutani, akarudi kulizunguka gari, akicheka peke yake.

Honi ikalia.

Akageuka. Simu ilikuwa ukutani, mbali, kioo cheusi.

Taa za mbele zikawaka, zikazimika. Milango ikajifunga yenyewe, tak! Hapo ndipo matairi yalipompokea Jenerali.

"Nani?" aliuliza, sauti ikatoka kama ya kifaranga.

Honi.

"Ni wewe... dereva?"

Honi.

"Mimi nilikuwa natania tu, mzee wangu! Sikujua kama kweli ulikufa!"

Honi, ndefu, yenye uchungu.

"Unataka niseme?"

Taa zikamwangaza usoni.

"Baba!" Jenerali akapiga yowe. "Baba, njoo! Ni mimi! Honi ilikuwa yangu, niliibonyeza kwenye simu! Na kengele ya shule ni mimi! Mkuu wa shule anakutaka Jumamosi! Chukua betri kubwa, Baba, chukua, ataniua!"

Baba alitoka stoo, akasikiliza yote tena, taratibu, kuanzia kengele. Kisha akamtazama Fundi. "Funga moja kwa moja hiyo kubwa."

"Na marehemu?" Jenerali aliuliza kutoka kwenye matairi.

"Marehemu gani? Dereva wa gari lile ni shemeji yangu," alisema Fundi. "Asubuhi ndiye aliyenisaidia kuinyanyua hiyo betri. Ameenda kunywa chai."



"Honi ya kwanza ulipiga wewe," Baba alisema polepole. "Hizi nyingine je?"

Macho yake yakazunguka gereji nzima, yakapita ukutani, yakapita kwenye boksi, yakatua kwenye kiti cha plastiki, kwenye mtandio uliokuwa ukimulika kwa chini kama taa ya kibatari.

Basi nikafumbua macho, nikaitoa simu yangu magotini, nikakiri. "Mwanangu," nikamwambia, "Jumamosi tukishamfikisha mjukuu wangu kwa mkuu wa shule, kwa dada yangu hapatakuwa mbali."