Kiko cha Ukweni

Kopo la tumbaku lilipofunguka lilitoa pumzi, psss, na wanaume wawili wakaliinamia kwa pamoja. Fundi makochi alikuwa amelifungia kabatini tangu mwaka ambao binti yake alianza darasa la kwanza. Binti huyo sasa ni mwalimu, na kopo lilikuwa bado likingoja siku yenye maana. Siku yenyewe ndiyo hii.

"Ina kuvu," alisema mgeni.

Mgeni alikuwa muuguzi wa wodi ya vifua, kijana wa miaka thelathini hivi, shati limepigwa pasi mpaka mikono inasimama yenyewe. Kwa mtu wa kazi yake, karakana yenye moshi wa kiko si mahali pa kustarehe. Lakini palikuwa na harusi ya kuzungumzwa, na bila neno la leo hakuna harusi. Wote wawili walilijua hilo, ndiyo maana walikuwa wanaongea habari za kuvu.

"Si kuvu," fundi alimwambia. "Kuvu ina manyoya. Hivi vichembe vinavyometameta ni sukari ya tumbaku yenyewe. Ikikaa miaka mingi, inajitokeza nje."

Asubuhi binti yake alikuwa amefagia karakana mara mbili, akaokota misumari yote sakafuni, akataka na kiko kifichwe. Fundi alikataa katakata. Watu wakitaka kuwa ndugu, alisema, waanze kwa kujuana moshi wao. Binti akamweka kola sawa.

"Basi usiongee sana, baba. Na usinyamaze sana. Ukinyamaza unatisha."

Kisha akajiondokea, maana aliitaka harusi hii kufa na kupona, na asingeweza kukaa akasikiliza.

Fundi alifikicha tumbaku kiganjani taratibu. Majani ya Virginia, yaliyonunuliwa yakiwa na rangi ya dhahabu, yalikuwa yamekolea kama kahawa. Kati yake mlikuwa na nyuzi nyeusi za perike, ile tumbaku inayoshindiliwa kwenye mapipa ikachacha mpaka inakuwa na ukali wa pilipili manga. Alijaza kiko chake, akajaza na kile cha gunzi alichowawekea wageni, akavishindilia kwa kidole gumba. Mtu aliyeshika nyundo maisha yake yote, leo alishindwa na kibiriti: njiti ya kwanza ilivunjika, ya pili ikamponyoka.

Muuguzi alivuta kama anayenyonya soda kwa mrija. Akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Polepole, kijana. Kiko hakivutwi, kinabembelezwa. Moshi uishie mdomoni, usifike kifuani. Ukikiendea kwa pupa kinakuchoma ulimi."

"Na ukikisahau?"

"Kinazimika. Unakiwasha tena. Hakiweki kinyongo."

Muuguzi alijifuta machozi, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu afike. Macho yake yakazunguka karakana, yakatua kwenye kiti cha kitambaa cha kijani kilichosimama pembeni.

"Kile si kiti chetu? Mbona kama kimeisha?"

"Kimeisha," fundi alikiri.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mvua."

"Na kila tukija kukiulizia unasema bado mguu mmoja."

Fundi alijikuna kidevu. "Kingeondoka, msingerudi tena."

Muuguzi alicheka hadi kiko kikazimika. Fundi akamwashia, na safari hii njiti ilikubali.

"Mzee, niseme wazi," kijana alianza, kicheko kimekwisha. "Kwetu hakuna mjomba wala baba mdogo. Baba alifariki sijaota meno. Mama amenilea peke yake. Kwa hiyo maneno ya wakubwa nayasema mwenyewe."

"Sema, nasikia."

"Nyumba yetu imezoea watu wawili. Sijui itakuwaje tukiwa watatu."

Hili ndilo lililomkosesha fundi usingizi wiki nzima, na majibu yote aliyoyaandaa kitandani yalikuwa yamemtoroka. Akabaki na tumbaku tu mkononi.

"Virginia peke yake ni tamu, lakini inauma ulimi," alisema. "Perike peke yake hakuna anayeiweza. Ukizibana pamoja, siku za kwanza kila moja inavutia kwake. Zikikaa, zinazoeana. Mimi si mtu wa maneno, kijana. Ninachokijua ndicho hicho."

Muuguzi alivuta kidogo tu, akauacha moshi uzunguke mdomoni kabla ya kuuachia, akafumba macho.

"Zabibu kavu," alisema. "Na mkate unaotoka kwenye tanuri." Akangoja. "Halafu pilipili, kwa mbali, nyuma ya pua."

Fundi alifurahi hata akasahau woga wake. Ni wangapi wamekaa pale pale wakaambulia kikohozi tu. Wakavuta kimya kimya, utamu ukizidi kadiri moto ulivyoshuka, mpaka vikabaki viko viwili vyenye majivu meupe.

Ndipo muuguzi akasimama, akalinyoosha shati lake. Fundi naye akainuka haraka, magoti yakilalamika.

"Sharti ni moja," alisema kijana. "Kiko ni uani, si chumbani. Ukilikubali hilo, basi mama nimekupa. Anasema Jumamosi yoyote inamfaa."

Fundi makochi, mvi kichwa kizima, aliupokea mkono wa kijana kwa mikono yake miwili, akainamisha kichwa kwa adabu.

"Nimeshukuru, baba mkwe," akasema.