Kobe wa Mlangoni

Zamani hizo wanyama wakigongewa kengele ya shule, Mwalimu Mbuni, bingwa wa mbio, alimwadhibu Kobe kila asubuhi kwa kuchelewa: alimsimamisha mlangoni, asomee hapo hapo. Matokeo yalipotoka, Kobe alikuwa wa kwanza.

Watoto walipokwisha kuondoka, Mbuni alichukua tuzo, akatimua mbio hadi kwao Kobe. Alifika ulimi nje.

"Hodi! Mwanao yuko wapi?"

"Hajatia mguu hapa tangu shule ifunguliwe, mwalimu," alijibu Mama Kobe. "Akifika nusu ya njia hugeuka, ili awahi kengele. Bila shaka umempita."

Mbuni alirudi akitembea. Alimkuta Kobe njiani, ameshageuka, anaelekea shuleni.

"Shikamoo, mwalimu. Nimechelewa tena?"

Mbuni alipiga magoti vumbini, akainamisha shingo yote.

"Shikamoo, Kobe."