Na Wengine

Tangu maktaba ifunguliwe asubuhi Mwasiti alikuwa akipekua magazeti ya zamani. Mgodi ulipoporomoka, gazeti lilimtaja kwa jina meneja aliyevunjika mkono. Waliokufa wakaitwa "wengine kumi na wanne". Kivuko kilipozama, waliokufa wakaitwa wengine. Soko lilipoungua, wengine vilevile.

Akarudi ukurasa wa mgodi, akalikata neno "wengine" kwa kalamu, akaandika pembeni: Masumbuko, mume wangu.

"Mama! Hairuhusiwi kuandika humo!" Ndunguru, mtunza maktaba, alimjia mbio. Akainama, akasoma. Kisha akafunua kurasa hadi habari ya soko lililoungua, akaweka kidole kwenye neno "wengine" na, bila kumtazama, akanyoosha mkono kuomba kalamu aandike jina la wake.