Sweta la Viena

Shemsa, mkata tiketi, aligeuza kompyuta ili Bi Hidaya azione nauli za kwenda Viena. "Hii rahisi inazunguka nchi tatu, mama. Ya kati, utalala njiani. Hii ya moja kwa moja ni ghali mno."

Bi Hidaya alikuwa amekumbatia sweta alilomfumia mwanawe, aliyelazwa huko mahututi. "Ya kunifikisha kesho ni ipi?"

"Hiyo ghali."

"Nimeshauza shamba. Nikatie hiyo."

Simu yake ikaita mezani. Ilikuwa namba ya hospitali ya huko. Shemsa akaacha kuandika.

"Andika, mwanangu," Bi Hidaya alisema, akaifunika simu kwa sweta.

Sweta likawa linatetemeka pale mezani, kama limevaliwa na mtu anayesikia baridi.